UZI: Sehewa si mtoto wa jodari

Tezi na Omo (mtoa uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi alfajiri nilikuwa sokoni nasubiri mnada uanze. Mchuuzi mmoja akamnyanyulia mama mmoja samaki: "Chukua huyu, ni mtoto wa jodari, nyama yake laini." Samaki mwenyewe alikuwa sehewa wa kilo moja na nusu hivi. Mama akalipa, samaki akapasuliwa palepale, na ndani mkatoka mayai, vifuko viwili vimejaa pomoni. Nilirudi nyumbani nalo moyoni, maana maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni. Yule hakuwa mtoto wa jodari. Alikuwa samaki mzima, mama, yuko katika msimu wake wa kutaga.

Nimekulia katika nyumba ya wavuvi. Baba alikuwa mtu wa mshipi, na sehewa ndiye aliyetulipia ada za shule. Baadaye nikapata bahati ya kusoma mambo ya bahari. Kwa hiyo naweka hapa ninachokijua kuhusu samaki huyu. Anayetaka kuuliza aulize, na anayejua zaidi yangu aongeze.

Nianze na jina. Kwetu ni sehewa. Kwenye vitabu vya uvuvi vya kimataifa anaandikwa kawakawa, jina lililotoka Hawaii, na kwa jina la kisayansi ni Euthynnus affinis. Aliyemwandika kisayansi mara ya kwanza ni Theodore Cantor, mwaka 1849, kutokana na samaki wa bahari ya Penang, Malaysia ya leo. Ana ndugu wawili tu wa jenasi moja: mmoja yuko Atlantiki na Mediterania, mwingine yuko Pasifiki upande wa Mexico na Amerika ya Kati. Yeye ndiye aliyepewa eneo kubwa: mwambao wetu, Bahari ya Shamu, India, Indonesia, mpaka Japani ya kusini, Australia na visiwa vya Pasifiki.

Sasa tumpime. Jodari wa mapezi ya njano hupita mita 2 na uzito wake unaweza kukaribia kilo 200. Sehewa akifika ukomo wake anakaribia mita 1, na wengi tunaowaona sokoni ni sentimita 60 kushuka chini. Basi mtu akimwona sehewa wa sentimita 48 kando ya jodari, anadhani huyu bado hajakua. Lakini sehewa wa kike wa urefu huo, wa kilo 1.4, hutaga kiasi cha mayai 210,000 kwa mkupuo mmoja, na mikupuo hiyo hurudiwa katika msimu uleule. Akifika sentimita 65 na kilo 4.6, mkupuo mmoja ni kama mayai 680,000, na msimu mzima unaweza kufika milioni 2.5. Jodari wa njano wa sentimita 48 hana habari na mambo hayo kabisa. Yeye ndiye mtoto.

Msimu wenyewe, kwa pwani yetu ya Afrika Mashariki, huanza katikati ya kaskazi na kuendelea mpaka kusi inaposhika, yaani Januari hadi Julai. Seychelles wao huanza mapema zaidi, Oktoba au Novemba, na kumaliza Aprili au Mei. Wazee waliokuwa wakisema "sehewa wa masika ana mayai" hawakusoma popote, na walikuwa sahihi.

Jambo jingine linalomtenga na jodari wakubwa ni makazi. Sehewa ni samaki wa karibu. Hapendi kuliacha bara. Anazunguka kwenye miamba, mikondo na midomo ya ghuba, na wadogo wake huingia hata bandarini. Anapenda maji ya nyuzi 18 hadi 29, kwa hiyo mwambao wetu unamfaa mwaka mzima. Ndiyo maana mtu mwenye ngalawa na tanga moja anaweza kumpata, wakati jodari mkubwa anataka boti, mafuta na siku mbili za safari. Samaki wa bahari kuu ana mamlaka, mikutano na meli za kigeni za kumzungumzia. Huyu anayelisha mwambao tunamwita mtoto wa mwenzake!

---

Kijana wa Feri

Asante mkuu kwa uzi. Mimi nauza samaki, na nakiri jina hilo nimelitumia kwa sababu ndivyo nilivyowakuta wenzangu wakisema. Lakini hapa mezani kuna samaki wanaofanana sana, wote mgongo bluu, tumbo la fedha, mkia kama mundu. Nitamjuaje sehewa kwa haraka bila kumpasua?

---

Tezi na Omo (mtoa uzi)

Swali zuri kaka, na usijilaumu, hata makarani wa takwimu huwachanganya.

Mlaze ubavu, utazame sehemu tatu.

Mgongoni, kuanzia katikati ya pezi la kwanza kwenda mkiani, sehewa ana michoro myeusi iliyolala mshazari, imekatikakatika na kupindapinda, kama maji ya wino yaliyochuruzika. Kisha shuka kifuani, chini ya pezi la ubavuni: utakuta madoa meusi machache, mara mawili, mara manne au matano, kama alama za kidole kilichoshika masizi. Madoa hayo ndiyo sahihi yake. Wakati mwingine hufifia samaki akishakufa, ndiyo maana nasema usitazame doa peke yake. Tatu, tumbo lake ni jeupe tupu, halina mistari.

Ukikuta mistari minne au mitano iliyonyooka tumboni, kutoka kifuani kwenda mkiani, huyo ni Katsuwonus pelamis, yule anayejaza makopo ya dunia nzima. Sehemu nyingi za kwetu naye anaitwa sehewa, na hapo ndipo vurugu ya majina inapoanza. Mimi nawaita sehewa wa milia na sehewa wa madoa, inanisaidia.

Ukikuta mwembamba, wa mviringo kama risasi, na pezi la kwanza la mgongoni liko mbali sana na la pili, pengo linatosha vidole kadhaa, huyo ni wa jenasi ya Auxis. Kwa sehewa mapezi hayo mawili karibu yagusane, na la kwanza linaanza juu sana mbele kisha linashuka kwa mkunjo kama tanga lililokatwa.

Mwisho ni mtoto wa kweli wa jodari. Pitisha kidole kuelekea kichwani. Jodari ana magamba madogo mwili mzima. Sehewa ana magamba kifuani na mabegani tu, kama amevaa fulana, pamoja na ule mstari wa ubavuni. Kuanzia hapo kwenda nyuma ni ngozi tupu, nyororo kama plastiki. Ukishaizoea tofauti hiyo hata gizani humkosi.

---

Mshipi Mrefu

Mwanangu umesema kweli. Mimi nimemvua huyu kwa zaidi ya miaka thelathini, kaskazini na kusini ya kisiwa.

Niwaongezee vijana upande wa bahari. Sehewa hatafutwi, anatangazwa. Wanaomtangaza ni membe, wale ndege wa baharini. Ukiwaona membe wametulia juu wanazunguka, bado. Ukiwaona wanapiga mbizi mmoja baada ya mwingine na maji chini yao yanachemka, hapo sehewa amewabana dagaa kutoka chini na membe wanawamalizia juu. Usiingize chombo katikati! Ukiwapasua wanazama, na unaweza kukaa saa nzima usiwaone. Pita pembeni yao, rambaza kwa mwendo, ndoano yenye manyoya meupe au kipande cha kitambaa king'aacho, na upande unakoelekea kundi, si unakotoka. Asubuhi kabla jua halijakomaa na alasiri ndizo saa zake.

Jambo ambalo sijawahi kulijua sababu: samaki huyu hatulii. Changu utamkuta amesimama pangoni, tewa amelala kama jiwe. Sehewa sijapata kumwona amesimama. Na ukimpandisha chomboni anatetemeka mwili mzima, kama mashine, kisha anakufa mara moja. Na ana moto. Mkono unahisi. Kwa nini?

---

Tezi na Omo (mtoa uzi)

Shikamoo mzee wangu. Umeuliza maswali matatu na yote yana mzizi mmoja.

Samaki wengi hupumua kwa kufungua na kufunga mdomo, wakisukuma maji yapite kwenye matamvua hata wakiwa wamesimama. Sehewa hana nguvu hiyo ya kusukuma. Anaogelea mdomo ukiwa wazi kidogo, na mwendo wake wenyewe ndio unaopitisha maji. Akisimama, hapumui. Ndiyo maana akinasa kwenye wavu na kushindwa kwenda mbele hafiki mbali, na ndiyo maana ukimweka kwenye ndoo ya maji ya bahari anakufa mbele ya macho yako ilhali maji yapo.

Sababu ya pili ni kibofu cha hewa. Changu ana kifuko cha hewa ndani kinachomwezesha kuelea palepale alipo bila kazi. Sehewa hana kabisa. Mwili wake ni mzito kuliko maji, kwa hiyo akiacha kuogelea anazama. Anachofanya ni kutandaza mapezi yake ya ubavuni kama mabawa na kwenda mbele, na maji yanamwinua vile hewa inavyoinua ndege. Mtafiti John Magnuson aliandika jambo hili mwaka 1970 akimtumia samaki huyuhuyu. Huko Honolulu, Hawaii, kulikuwa na kituo kilichoweza kuwafuga sehewa na jodari wakiwa hai kwenye mabwawa, kazi ngumu sana kwa samaki asiyejua kusimama. Wakawatazama usiku na mchana: hawakusimama. Yaani tangu anapotoka kwenye yai mpaka siku anapokutana na ndoano yako, mzee wangu, yuko safarini.

Hasara ya kukosa kibofu ina faida yake. Kibofu humfunga samaki, maana akipanda ghafla hewa inatanuka. Sehewa anaweza kupanda kutoka chini kwenda juu kama mshale, akawapiga dagaa, akashuka tena, na tumbo lake lisipate shida.

Na huo moto. Misuli inayofanya kazi bila kupumzika huzalisha joto. Kwa samaki wa kawaida damu hulichukua joto hilo mpaka kwenye matamvua, likapotelea majini. Jamaa ya jodari wana mpango mwingine: mishipa midogo inayopeleka damu yenye joto nje imelazwa ubavu kwa ubavu na mishipa inayoleta damu ya baridi ndani, maelfu kwa maelfu, kama nyuzi za kamba. Joto linavuka kutoka mshipa mmoja kwenda mwingine na kurudi ndani kabla halijatoka. Kwa hiyo misuli yake inabaki na joto kuliko maji kwa nyuzi kadhaa, na msuli wenye joto hujikunja haraka. Ule mtetemo unaousikia miguuni ukimpandisha chomboni ndio huo msuli.

---

Mwanafunzi wa Viumbe

Samahani mtoa uzi, hapo nakupinga kwa heshima. Sisi darasani tumefundishwa samaki wote wana damu baridi. Unataka kusema sehewa ana damu ya moto kama sisi?

---

Tezi na Omo (mtoa uzi)

Hapana mdogo wangu, na umefanya vizuri kunibana. Sisi mwili wetu hukaa kwenye nyuzi 37 hata tukiwa Makambako usiku wa Julai. Sehewa hana kiwango chake cha kudumu. Maji yakipoa, naye anapoa. Tofauti ni kwamba sehemu fulani za mwili wake hubaki juu ya joto la maji, hasa ile nyama nyekundu iliyokolea karibu na uti wa mgongo. Kwa hiyo mwalimu wako yuko sahihi kwa samaki karibu wote, na jamaa ya jodari, baadhi ya papa na wengine wachache ndio wanaotoka nje ya kanuni. Mwulize kuhusu papa nyangumi na papa mako, uone kama utamkuta na jibu, mtafurahi wote wawili. (Nikupe mapema: mako anahifadhi joto, papa nyangumi hana mpango huo.)

Na hiyo nyama nyeusi ubavuni, ambayo watu wa bara huitupa wakidhani ni damu iliyoganda, ndiyo injini ya safari. Rangi yake inatokana na kemikali inayotunza oksijeni ndani ya msuli. Nyama nyepesi inayoizunguka ni ya mbio fupi, siku ya kumkimbia sulisuli au kumfukuza ngisi.

Chakula chake hakina mashariti. Anakula dagaa na wale samaki wadogo waitwao simu, ngisi, kamba, hata vile vidudu vidogo vinavyoelea. Kinachopatikana kwa wingi ndicho anachokula. Na yeye ni chakula cha papa, sulisuli, nduaro na jodari wakubwa. Wanaovua kwa mchezo kule Shimoni, Watamu na mkondo wa Pemba humtumia kama chambo.

Tabia yake nyingine ninayoipenda: hajipangi kwa ukoo, anajipanga kwa kimo. Kundi moja linaweza kuwa na sehewa wa madoa, sehewa wa milia na watoto wa jodari wa njano, wote urefu mmoja, kuanzia mia moja mpaka zaidi ya elfu tano. Mwendo ndio unaowaunganisha, maana aliye mfupi hawezi kwenda sambamba na aliye mrefu. Na hapo ndipo jina la "mtoto wa jodari" lilipozaliwa, nadhani. Wavu unawapandisha pamoja, wanamwagwa pamoja mezani, wanauzwa kwa jina moja.

---

Jiko la Pwani

Nashukuru kwa somo kaka yangu. Mimi ni mama lishe, niko kwenye kazi hii mwaka wa tisa. Nina jambo limenikaa rohoni. Kuna siku nilinunua sehewa saa nne asubuhi, nikawakaanga mchana. Wateja wanne waliokula walianza kuwashwa ulimi, uso ukawa mwekundu, mmoja kichwa kikampasuka na kutapika. Nilikuwa nimekaanga mpaka wakakauka! Niliambiwa nina mkono mchafu, wengine wakasema ni mzio wa samaki. Lakini wawili kati ya hao wanakula samaki kwangu kila siku. Ilikuwa nini?

---

Tezi na Omo (mtoa uzi)

Pole sana dada. Hili ndilo lililonifanya hasa nianzishe uzi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nyama ya jamaa ya jodari, vibua na nguru ina kwa wingi kitu kinachoitwa histidini. Samaki akiwa hai hakina ubaya. Akifa na kuachwa kwenye joto, bakteria waliokuwa kwenye matamvua na utumbo wake huingia kwenye nyama na kuigeuza histidini kuwa histamini. Histamini ndiyo ileile ambayo mwili wetu huitoa tukiwa na mzio. Kwa hiyo anayekula samaki huyo anapata dalili za mzio bila kuwa na mzio: uso na shingo kuiva, kuwashwa, ulimi kuchoma kama pilipili, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio, wengine kutapika au kuharisha. Huanza ndani ya dakika chache mpaka saa moja au mbili, na mara nyingi huisha siku hiyohiyo.

Sasa shika hili moja: histamini haifi kwa moto. Ukikaanga, ukichemsha, ukibanika, hata ukiweka kwenye kopo, inabaki. Moto unaua bakteria, lakini sumu waliyokwisha kuitengeneza haiguswi. Ndimu haiondoi, chumvi haiondoi. Na samaki anaweza kuwa nayo tele huku hanuki. Kwa hiyo mkono wako haukuwa mchafu, na wateja wako hawakuwa na mzio. Samaki alikuwa amekwisha kuharibika kabla hujamnunua.

Na sehewa yuko hatarini kuliko changu, kwa sababu zilezile alizouliza mzee. Anakufa akiwa na moto mwilini. Amepigana mpaka mwisho. Damu yake ni nyingi. Ukimwacha kwenye jua chomboni, ule moto wake na wa jua vinasaidiana.

Dawa iko baharini, haiko jikoni. Akipanda tu, apigwe kichwani asiendelee kupapatika, akatwe chini ya matamvua damu itoke, na aingie kwenye barafu mara moja, tena barafu iliyochanganywa na maji kidogo ili imguse mwili mzima. Matumbo na matamvua yatoke mapema. Akishapozwa asiachwe apate joto tena, kwa sababu kazi waliyoanza bakteria huendelea pale walipoiachia. Kiwango kinachokubalika kimataifa ni kisichozidi miligramu 200 za histamini kwa kilo ya nyama, na samaki aliyeachwa kwenye joto kwa saa kadhaa anaweza kukipita mara nyingi.

Akitokea tena mteja wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya, kuna dawa za kuzuia histamini na husaidia haraka. Akianza kubanwa pumzi, hiyo ni dharura, msisubiri.

---

Mshipi Mrefu

Hapo mwanangu umenifungua macho. Sisi tulikuwa tukisema "sehewa wa jarife anawasha, wa mshipi hawashi." Jarife ni wavu, linalala majini usiku kucha. Aliyenasa saa mbili usiku anapandishwa alfajiri, kumbe amekufa zamani na maji yetu ni ya moto. Wa mshipi anakuja hai. Tulijua jambo, hatukujua sababu.

---

Jiko la Pwani

Mungu akubariki. Miaka yote hii nilibeba lawama isiyo yangu.

Kwa wenzangu wa jikoni, nikimpata sehewa mzuri wa mshipi, ile nyama nyeusi siitupi. Namchemsha kwanza kwa ukwaju, chumvi na kitunguu saumu, maji yawe kidogo tu, mpaka yakaukie. Ukwaju unakata ule uzito wa damu. Kisha ndiyo naingiza tui zito, bizari na nyanya, sikorogi, natikisa sufuria. Nyama yake haimung'unyuki kama ya changu. Kwa wali ni chakula cha kumwita mtu kutoka mbali.

---

Maskati Kwetu

Salaam kutoka Oman. Bibi zangu walitoka Unguja na nyumbani bado tunazungumza Kiswahili. Soko la Mutrah limejaa jamaa hawa. Jodari wa njano hapa wanamwita *jaidhar*. Yule jodari wa mkia mrefu, ambaye si mkubwa sana, wanamwita *sahwa*. Na huyu wa madoa kifuani wanamwita *sadah*. Mara ya kwanza kusikia *jaidhar* na *sahwa* nilisimama kama nimeitwa jina langu, maana masikioni mwangu ni jodari na sehewa kabisa. Ila sehewa ya huku ni samaki mwingine!

---

Tezi na Omo (mtoa uzi)

Ahsante sana ndugu. Ukisema majina hayo kwa sauti, ni vigumu kutowaona mabaharia wa majahazi ya msimu wakishuka na maneno yao kaskazi, na neno likifika ufukwe mwingine linamkalia samaki aliye karibu. Jodari wa mkia mrefu huko Ghuba na Bahari ya Arabuni ni wengi. Kwetu tunaye huyu wa madoa.

Na kwa kuwa tumefika kwenye majina: Wajapani humwita *suma*, lakini wana jina lake jingine, *yaito*, kutokana na yale madoa ya kifuani. Yaito ni alama zinazobaki kwenye ngozi ya mtu aliyetibiwa kwa kuchomwa majani ya dawa, mambo kama yetu ya kuchanjwa chale. Huko mkoa wa Ehime wamefika mahali pa kumfuga kwenye vizimba baharini na kumuuza kwa bei ya heshima, kwa sababu nyama yake ikiwa mbichi na yenye mafuta wanailinganisha na ya jodari mkubwa kabisa. Ugumu wao ni vifaranga: vinaanza kulana vikiwa vidogo mno, na visipopewa samaki wa kutosha vinapunguzana vyenyewe.

Samaki wa namna hiyo ndiye sisi tunamwacha juani kwenye turubai.

---

Mwanafunzi wa Viumbe

Je, kuna anayesimamia hesabu yake? Maana umesema anachanganywa na wengine.

---

Tezi na Omo (mtoa uzi)

Yupo kwenye orodha ya aina 16 zinazoangaliwa na Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Victoria, Seychelles. Kwa bahari yote anavuliwa zaidi ya tani laki moja kwa mwaka, na wavuvi wakubwa ni Indonesia, India na Iran. Tatizo ni kwamba wengi wanaomvua ni vyombo vidogo, maelfu na maelfu, na kwenye fukwe nyingi anaandikwa "jodari" tu, au "samaki mchanganyiko". Ukimwandika jina la mwenzake, hutaona siku atakayopungua. Meli kubwa huandika kila kitu kwa sababu zinalazimishwa. Sisi wa ufukweni, karani akiuliza "ni samaki gani?", jibu letu ndilo linaloingia kwenye daftari. Kwa hiyo mdogo wangu, kama unatafuta kazi ya utafiti, chukua rula, nenda ufukweni, pima urefu kutoka ncha ya mdomo mpaka kwenye panda ya mkia, tazama mayai, andika mwezi. Fanya hivyo kaskazi moja na kusi moja. Itakuwa kazi yenye faida kwa watu wengi.

---

Kijana wa Feri

Wakuu, nimerudi. Leo nimefanya kama mlivyosema, kila samaki aliyefika mezani nimemlaza ubavu kabla ya kumpangia bei. Nilikuwa na 23. Wenye madoa kifuani na ngozi nyororo nyuma walikuwa 14. Wenye milia tumboni 6. Watatu wamenishinda: hawana michoro mgongoni, magamba wanayo mpaka mkiani, mapezi yana rangi ya njano, na ubavuni chini kuna vijistari vyeupe vilivyosimama, vingine kama nukta. Wana urefu uleule wa wenzao. Nimempasua mmoja, hana yai hata moja, na ndani kuna kifuko cha hewa. Hao ni nani?

---

Tezi na Omo (mtoa uzi)

Hao kaka ndio watoto wa jodari wa kweli. Kila mmoja wao angeweza kupita mita 2. Kama mwenye chombo bado yuko hapo, mwulize kwa upole aliwapata wapi na kwa wavu gani, kisha utuandikie hapa.